Bloku moja, mafaili mawili: kufuli ndani ya mfumo wa mafaili

*"Shikamoo mwalimu. Ninaandika mfumo mdogo wa mafaili wa Linux kwa ajili ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Diski imegawanywa katika bloku za baiti 4096, na bitimapu moja inaonyesha bloku ipi iko huru na ipi imechukuliwa. Nikinakili mafaili mawili kwa wakati mmoja kwenye saraka mbili tofauti, mara nyingine faili moja linatoka na kipande cha jingine. Nimeweka kufuli ndani ya fanksheni ya kutafuta bloku huru, na tena ndani ya ile ya kuitia alama. Tatizo likapungua, halikuisha. Nikiweka printk katikati linapotea kabisa, na rafiki yangu anasema niiache humo humo. Halafu nikaongeza kufuli la pili la jedwali la inodi (rekodi za mafaili), na sasa cp ya kunakili na rm ya kufuta zikienda pamoja zinaganda zote mbili, hata kill -9 haifui dafu. Kompyuta pepe ninayofanyia majaribio ina prosesa moja tu, kwa hiyo sielewi kugongana huku kunatoka wapi. Nilidhani VFS inafunga yenyewe. Msimamizi wangu ananiambia niweke kufuli moja kubwa nimalize. Natetea mradi baada ya wiki 5. Nifanye nini?"*

Marahaba. Umeuliza vizuri, kwa sababu umeeleza ulichokiona kabla ya unachokidhani, na hilo limenirahisishia kazi. Una magonjwa mawili. La kwanza ni mbio: michakato miwili inagusa kitu kimoja kwa pamoja, na matokeo yanategemea nani amewahi. La pili ni mkwamo: kila mmoja ameshika kufuli analolihitaji mwenzake na hakuna anayeachia. Hilo la pili limeletwa na dawa uliyotumia kutibu la kwanza. Yote mawili yanatibika ndani ya wiki 5, na huhitaji kuandika upya mradi wako.

Nianze na printk, fanksheni ya kuandika ujumbe kutoka ndani ya kerneli (kiini cha Linux), maana ushauri wa rafiki yako unaweza kukuharibia. Haikurekebisha chochote. Kuandika ujumbe kwenye konsoli kunachukua muda mrefu mno ukilinganisha na kugeuza biti moja, na printk ina makufuli yake ndani. Michakato yako iliyokuwa ikipishana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde sasa inapangwa foleni bila wewe kukusudia. Hamishia programu hiyo kwenye kompyuta nyingine yenye diski ya kasi tofauti, na foleni hiyo itavunjika, pengine mbele ya watahini wako. Faida pekee ya printk hapa ni ushahidi: kasoro inayojificha ukiichungulia mara nyingi ni ya mbio, si ya hesabu. Umeshaupata ushahidi huo, sasa itoe.

Kuhusu VFS, tabaka la kerneli lililo juu ya kila mfumo wa mafaili, una nusu ya haki. Kerneli ikiita fanksheni zako za kuunda faili, kufuta faili au kubadili jina, inakuwa imekwisha kufunga saraka husika kwa kufuli liitwalo i_rwsem. Ndiyo maana watu wawili hawawezi kuunda faili lenye jina lilelile ndani ya saraka moja hata kama wewe hukuandika mstari wowote wa kufuli. Lakini angalia jaribio lako: unanakili kwenye saraka mbili tofauti. Mchakato wa kwanza umefungiwa saraka yake, wa pili saraka yake, na kila mmoja ana haki kamili ya kuendelea. Wote wawili wanakutana kwenye bitimapu, ambayo VFS haijui hata kama ipo. Bitimapu, jedwali la inodi, hesabu ya bloku zilizobaki na chochote kingine ulichokibuni wewe, ulinzi wake ni juu yako.

Sasa tuiangalie bitimapu kwa karibu. Fikiria mawakala wawili wa basi wanaouza tiketi kwa chati moja ya siti. Wa kwanza anatazama chati, anaona siti ya 14 iko wazi, anageuka kupokea hela ya abiria. Wa pili anatazama chati ileile, naye anaona 14 iko wazi, anaichora. Wa kwanza anarudi, anaichora 14 juu ya alama iliyopo, na anaandika tiketi. Kila mmoja amefuata utaratibu, na bado abiria wawili watagombana ndani ya basi.

Programu yako inafanya hivyohivyo. Mchakato A unaita fanksheni ya kutafuta: inafunga, inaona biti ya 514 ni sifuri, inafungua, inarudisha 514. Kabla A haujafika kwenye fanksheni ya kutia alama, mchakato B unaita ile ya kutafuta: inafunga, inaona 514 bado ni sifuri, inafungua, inarudisha 514. Kisha A unatia alama, B unatia alama juu yake, na sasa mafaili mawili yanaelekeza kwenye bloku moja. Anayeandika mwisho ndiye anayesomeka. Hicho ndicho kipande cha faili jingine ulichokikuta. Kufuli zako zilifanya kazi barabara. Ila ulizifungia fanksheni, wakati kinachohitaji ulinzi ni uamuzi mzima, kutoka kuona hadi kuchukua. Tatizo lilipungua kwa sababu tu mwendo wa michakato ulibadilika, kama ulivyobadilika kwa printk.

Kwa hiyo, kutafuta na kutia alama viwe tendo moja chini ya kufuli moja, bila kuachia katikati. Fungua kodi ya mfumo wa Minix ndani ya kerneli ya Linux, faili la fs/minix/bitmap.c. Ni fupi, na linafanana na kazi yako kuliko ext4, mfumo mkubwa wa mafaili wa Linux. Utaona spinloki moja tu iitwayo bitmap_lock, yaani kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka akilijaribu bila kulala. Fanksheni ya kugawa bloku inaishika, inatafuta biti yenye sifuri, inaigeuza kuwa moja, ndipo inaachia. Kazi ya kuitangaza bafa (nakala ya bloku iliyo kwenye kumbukumbu) kuwa imebadilika, ili iandikwe kwenye diski, inafanywa baada ya kuachia, kwa kuwa wakati huo bloku ina mwenyewe na hakuna wa kuigombania.

Kuna jambo jingine humo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Minix inasoma bitimapu zote kutoka kwenye diski wakati wa kupachika (mount), na kuziweka kwenye kumbukumbu muda wote. Hilo ndilo linaloiruhusu kutumia spinloki. Ukishika spinloki hauruhusiwi kulala, na kusoma diski ni kulala: mchakato unawekwa kando hadi diski ijibu. Ikiwa wewe unasoma bitimapu pale inapohitajika tu, basi ama utumie myuteksi, ambayo mwenye kuishika anaweza kulala, ama usome kwanza ndipo ushike spinloki. Na ukiachia kufuli kwa sababu yoyote kisha ukalishika tena, ulichokiona mwanzo kimekuwa habari ya zamani. Tazama upya kabla ya kuamua.

Kulala huku kunajibu swali lako la prosesa moja. Prosesa moja haizuii mbio. A ukiomba kusoma bloku kutoka kwenye diski unalala, na kerneli inampa prosesa B. B unaingia kwenye bitimapu A ukiwa katikati ya safari. Tena kerneli nyingi za leo zinaweza kumnyang'anya mchakato prosesa hata akiwa ndani ya kodi ya kerneli, bila kusubiri alale mwenyewe. Kwa hiyo kasoro imekuwapo tangu siku ya kwanza, ila kwa prosesa moja inajitokeza mara chache. Nakuomba leo hii uiwashe kompyuta pepe yako na prosesa 4. Kama unatumia QEMU kuendesha kompyuta pepe hiyo, ni kuongeza -smp 4. Bora iharibike mezani kwako.

Nisisitize kitu kimoja kuhusu kufuli la programu, kwa sababu jina lenyewe linapotosha. Halizuii mkono wa mtu kama kufuli la chuma. Ni makubaliano kwamba kila anayetaka kugusa kitu fulani ataomba kwanza. Asiyeomba anapita, na hakuna kitakachopiga kelele. Pekua kila sehemu inayogusa bitimapu: kufuta faili, kulipunguza, na hata njia ya kushughulikia hitilafu pale uundaji unaposhindikana ukarudisha bloku. Usisahau hesabu ya bloku huru inayosomwa na df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Kuongeza moja kwenye hesabu kunaonekana ni tendo moja kwenye C, lakini prosesa inasoma, inaongeza, inaandika. Wawili wakifanya hivyo pamoja, ongezeko moja linapotea. Mimi niliwahi kukesha usiku kadhaa juu ya mfumo uliodai diski imejaa wakati nusu yake ni tupu, na chanzo kikawa mstari mmoja wa namna hiyo nje ya kufuli. Tangu hapo, kwenye kila muundo (struct) ninaoandika, nyuma ya kila uga naweka maelezo: "unalindwa na kufuli fulani". Nikikosa la kuandika pale, nimeshaipata kasoro kabla ya kuiendesha programu.

Sasa mkwamo. Kwa maelezo yako, naona cp inashika kufuli la bitimapu kwanza ili ipate bloku, kisha la inodi ili iiandike bloku hiyo kwenye faili. rm inaanza upande wa pili: inashika la inodi ili ilifute faili, kisha la bitimapu ili irudishe bloku. Zikikutana katikati, cp inasubiri inodi iliyo mkononi mwa rm, na rm inasubiri bitimapu iliyo mkononi mwa cp. kill -9 haisaidii kwa sababu mchakato unaosubiri myuteksi ya kawaida ndani ya kerneli umelala usingizi usiokatizwa na ishara. Amri ya ps inauonyesha kwa herufi D. Ishara imeshapokelewa, lakini itashughulikiwa akiamka, na haamki.

Tiba yake ni mpangilio. Amua leo kwamba inodi hushikwa kabla ya bitimapu, siku zote, kwenye kila njia, na uandike hivyo juu kabisa ya faili lako la kodi. Njia isiyoweza kufuata mpangilio huo ipangwe upya. Mara nyingi utagundua kwamba hukuhitaji kuyashika yote mawili pamoja: cp inaweza kuchukua bloku 514, ikaachia bitimapu, ndipo ikashika inodi, maana bloku ile tayari ni yake.

Uzito wa mpangilio huu unauona vizuri kwenye mv ya kuhamisha saraka. Mtu mmoja anaandika mv a b/ na mwingine, papo hapo, mv b a/. Kerneli lazima ihakikishe haipeleki saraka ndani ya tumbo lake yenyewe. Wa kwanza akikagua, b haimo ndani ya a, ni sawa. Wa pili akikagua, a haimo ndani ya b, ni sawa. Wote wakitekeleza, a imo ndani ya b na b imo ndani ya a, kitanzi kilichokatika kutoka kwenye mzizi, kisichofikika tena kwa njia yoyote. Linux inazuia hilo kwa kufuli moja la mfumo mzima wa mafaili liitwalo s_vfs_rename_mutex, ili uhamisho wa kutoka saraka moja kwenda nyingine ufanyike mmoja baada ya mwingine, na kwa kanuni kwamba saraka ya juu hufungwa kabla ya iliyo chini yake. Mafaili ya kawaida, ambayo hayana mkubwa wala mdogo, hufungwa kwa kufuata anwani zao kwenye kumbukumbu, alimradi kila mtu anafuata mpangilio uleule. Hili VFS inakufanyia. Kwa hiyo ndani ya fanksheni yako ya kubadili jina usiifunge tena saraka kwa inode_lock. Utakuwa unasubiri kufuli ulilonalo mwenyewe.

Tuje kwa ushauri wa msimamizi wako. Najua kuna wanaodharau kufuli moja kubwa. Linux yenyewe iliishi nalo: kufuli kubwa la kerneli liliingia na toleo 2.0 mwaka 1996, na mabaki yake ya mwisho yaliondolewa kwenye toleo 2.6.39 mwaka 2011. Miaka 15 ya kulipunguza kidogo kidogo. Mwanafunzi mwenye wiki 5 asione haya kuanzia pale. Gharama yake ni kasi: mmoja akiwa ndani, wote wanasubiri, na kwenye prosesa nyingi hilo linaonekana. Lakini mfumo wa polepole unaotunza data unaweza kuutetea mbele ya watahini. Wa kasi unaochanganya mafaili huwezi.

Ila kufuli kubwa nalo lina mitego, na nakutajia ile itakayokunasa wewe. Myuteksi ya Linux haishikwi mara mbili na mtu mmoja. Fanksheni yako ya kufuta itafunga, itaita ya kupunguza faili, nayo itaita ya kurudisha bloku. Ile ya ndani ikijaribu kufunga tena, umekwama peke yako. Gawa fanksheni makundi mawili: za nje zinazofunga, na za ndani zinazochukulia kwamba kufuli limeshashikwa. Kwenye hizi za ndani weka lockdep_assert_held mstari wa kwanza, ili kerneli ilalamike ukisahau.

Mtego wa pili ni kuomba kumbukumbu. Ukiwa umeshika kufuli, ukaita kmalloc, fanksheni ya kuomba kumbukumbu, kwa alama ya kawaida ya GFP_KERNEL na kumbukumbu ikawa imebana, kerneli itatafuta cha kuachia, na inaweza kurudi kugonga mlango wa mfumo wako wa mafaili uliojifungia. Tumia GFP_NOFS, inayoizuia kerneli kurudi kwenye mfumo wa mafaili, au omba kumbukumbu kabla ya kufunga.

Mtego wa tatu ndio unaowashangaza hata watu wazima wa kazi hii. Usishike kufuli kubwa huku ukinakili data kutoka kwenye kumbukumbu ya programu ya mtumiaji. Kumbukumbu hiyo inaweza kuwa ni faili la mfumo wako huohuo lililowekwa kwenye kumbukumbu kwa mmap. Ukurasa usipokuwapo, kerneli itauita mfumo wako usome ukurasa huo, nao utaomba kufuli ulilolishika. Kwa hiyo kufuli kubwa lilinde bitimapu, inodi na maingizo ya saraka tu. Data yenyewe ya mafaili iache ipite kwenye njia za kawaida za kashe ya kurasa, kumbukumbu ambamo kerneli hutunza data ya mafaili.

Kwa hiyo mimi ningefuata ushauri wa msimamizi kwa wiki mbili za mwanzo, ndani ya mipaka hiyo. Muda ukibaki, itenganishe bitimapu iwe na spinloki yake kama ya Minix. Ukiweza kupima kasi kabla na baada, una sura nzima ya ripoti.

Na usijipime kwa majaribio ya cp peke yake. Jenga upya kerneli ya majaribio ukiwa umewasha CONFIG_PROVE_LOCKING na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP. Ya kwanza inawasha lockdep, zana ya Ingo Molnar iliyoingia Linux mwaka 2006. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mkwamo utokee: ikiona mara moja tu inodi kisha bitimapu, na mara nyingine yoyote bitimapu kisha inodi, hata kwa saa tofauti, inakuandikia onyo lenye njia zote mbili. Ya pili inakukamata ukilala na spinloki mkononi. Kwa mbio za data kuna KCSAN, iliyomo tangu toleo 5.8 la mwaka 2020. Kisha endesha fsstress, programu ya kuutesa mfumo wa mafaili iliyomo kwenye mkusanyiko wa majaribio wa xfstests, usiku kucha kwa prosesa 4. Michakato ikiganda, andika herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger, na dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, itakuonyesha kila mchakato umekwama kwenye fanksheni gani.

Majaribio yakipita, usiseme mbio zimeisha. Kasoro ya Dirty COW, iliyomruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika kwenye mafaili aliyoruhusiwa kuyasoma tu, ilikuwa mbio ndani ya usimamizi wa kumbukumbu. Ilikaa kwenye Linux tangu toleo 2.6.22 la mwaka 2007 hadi Oktoba 2016, kwenye kompyuta zilizofanya kazi usiku na mchana kote duniani. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoirekebisha aliandika kwamba yeye mwenyewe aliwahi kujaribu kuitibu miaka 11 nyuma, na hakuitibu vizuri. Kinachotoa uhakika ni kupitia kila uga na kuonyesha kufuli lake. Majaribio yanakuja kukagua maneno yako.

Umeme kukatika katikati ya kuandika ni habari nyingine. Kufuli lolote haliwezi kukulinda hapo. Hiyo ni kazi ya jonali (daftari la mabadiliko kwenye diski) au mpangilio wa kuandika kwenye diski. Usilichanganye kwenye mradi huu kama hukuahidi.

Mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi ni hapa. Ikiwa diski ya majaribio ina kitu chochote cha thamani, cha kwako au cha mwenzako, iondoe kwenye mfumo sasa hivi, tengeneza nakala yake nzima kwa amri ya dd, na umpelekee nakala hiyo mtu anayejua kuokoa data. Usiendeshe zana ya kurekebisha juu ya diski yenyewe. Na ikiwa lockdep iko kimya lakini michakato bado inaganda, chapisha matokeo ya herufi w pamoja na orodha yako ya kufuli na uga linazolinda, ukakae na msimamizi wako saa moja mkifuata mstari kwa mstari kwa kalamu. Akiona orodha hiyo haijakamilika, mwombe mwanzie hapo, kabla ya kugusa kodi.